Mwenye Shughuli Huonja Kwanza

Chilangala, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Zuhura,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekula viazi vyako na maganda umeyaacha juu ya meza yangu. Hali yangu nayo unaijua, kwa hiyo tuyaruke hayo. Sasa hivi uko kijijini unaaga, na kwa jinsi ninavyowafahamu watu wa hapa, kila nyumba itakukalisha, itakupa korosho za kubangua, kisha itakueleza habari za Dar es Salaam ambako yenyewe haijafika. Hutarudi mapema. Nimepata nafasi ya kukaa barazani na kalamu bila mtu kuniuliza naandika nini.

Habari za kufunga begi, na kutompa mtu mzigo wako akushikie pale stendi ya Masasi, mama yako ameshazimaliza. Alianza tangu juzi na sidhani kama amebakiza kitu. Mimi nataka kukujibu lile uliloniuliza jana.

Jana tukiwa tunakula ulisema yule bwana wa mikopo amepiga simu tena. Kampuni yake inataka kuweka tangazo kwenye aplikesheni yako ya maji, na halitaki kukaa kule chini kwenye kamstari kadogo kama mengine. Linataka kujaa kioo kizima, mtu akifungua tu akutane nalo kabla hajaona bomba gani linatoa maji. Atakacholipa kingekutosha chumba Dar kwa mwaka mzima, na wenye nyumba wa huko wanataka kodi ya miezi mingi kwa mkupuo. Anataka jibu kabla hujapanda basi. Ukaniuliza, "Baba, wewe unaonaje?" Nikasema, "Kula kwanza, ugali unapoa," halafu nikaanza kuzungumzia mawingu. Ulipokwenda kulala mama yako akaniambia, "Baba Zuhura, mtoto amekuuliza jambo la maana, wewe umemjibu mvua."

Ni kweli, nilikwepa. Niliogopa, mama. (Nitakuita mama leo, kwa kuwa jina la mama yangu ndilo unalolibeba, na kwa sababu naona unanikimbia.) Mara ya mwisho nilipotia mkono katika kazi yako unajua nilichofanya, na kijiji kizima kinajua, maana nilikialika. Lakini habari hiyo kwa upande wangu hujawahi kuisikia. Kila nikitaka kukusimulia wewe na mama yako mnaanza kucheka.

Uliporudi kutoka chuoni Mtwara hukuwa na kazi, na mimi sikuwa na subira. Nilikuona umeinamia simu kutwa nzima na nikasema maneno. Nilisema nimesomesha mtu aje kukodolea kioo. Wakati huo mama yako alikuwa akitoka alfajiri na dumu kichwani, anafika bomba la shuleni, kavu. Anakwenda la zahanati, kavu. Anarudi, na kumbe alipogeuza mgongo tu la shuleni likaanza kutoa. Mimi niliyaona hayo miaka yote na nikayachukulia kama jua na mvua. Wewe uliyaona kwa muda mfupi ukatengeneza kitu. Anayekuta maji yanatoka anagusa alama ya bluu, na wengine wote wenye simu wanaona. Basi. Hata mimi nilielewa, ingawa nilijitia sijaelewa ili nisikupe sifa haraka.

Siku moja nilitoka Newala mjini na vumbi langu, nikakuta madumu yote yamejaa na jua halijawa kali. Nilioga maji ya kutosha siku ile, mpaka masikio. Nikaacha kukuita mvivu.

Nikakuuliza, "Wanakulipa kiasi gani?"

"Hawalipi, Baba. Ni bure."

Nilikasirika kikwelikweli. Mtu analima, anapalilia, anapulizia salfa, halafu korosho anazigawa njiani? Ndipo ukanikalisha ukanieleza taratibu. Kule chini kuna matangazo madogo. Wenye bidhaa wanailipa kampuni ya matangazo, na kampuni inakupa wewe sehemu, kidogo mtu akiliona tangazo, zaidi kama amevutiwa nalo akaligusa. Nilisikia lile la kugusa. Lile la kuvutiwa halikuingia sikioni kabisa.

Sasa fikiri na wewe, mama. Mimi ni mtu wa hapa. Hapa shamba likimzidi mtu haendi pembeni kulia, anaalika. Anapika, watu wanakuja na majembe yao, wanalima huku wanaimba, jioni kazi imekwisha, na kesho mwenye zamu ni mwingine. Nimelimiwa hivyo na nimelima hivyo tangu nikiwa kijana. Nikaona mwanangu ana shamba ambalo kazi yake ni kugusa, na analigusa nani? Watu wachache, kwa bahati tu. Nikajiambia, Zuhura hajui kualika. Amesoma sana akasahau.

Ulipokwenda mjini kwa shughuli zako ukalala huko, nikaalika.

Mama yako alipika ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, na nikachinja kuku. Togwa ilikuwepo ya kutosha. Watu walipokusanyika uani nilifanya kama inavyotakiwa: nikachota kata ya kwanza, nikanywa mimi mbele ya wote, nikaifuta midomo, ndipo nikawapa wageni. Kisha nikasimama nikawaambia, jamani, leo jembe ni kidole. Wasio na bando niliwaunganisha kwenye simu yangu. Wakaanza. Mzee Bakari, ambaye hana hata baiskeli, alibonyeza tangazo la matairi ya lori mpaka akaomba kupumzika. Kina mama waliokaa upande wa jiko waliimba ule wimbo wetu wa kupalilia, wakibonyeza kwa mapigo yake. Tukala, tukanywa, tukarudi kazini. Jua lilipopinda nilikaa kwenye kigoda changu nikawatazama watu wote wale wamekuinamia wewe, na nikafurahi kuliko siku ya harusi yangu. Mama yako asisome hapo.

Ulirudi, na kwanza ulifurahi. Uliniambia mapato yamepanda ghafla, hujui kwa nini. Nilitabasamu tu, nikitaka lije lenyewe. Likaja kweli. Kesho yake asubuhi ulitoka chumbani na simu mkononi.

"Baba, juzi hapa kulikuwa na nini?"

"Mwaliko."

"Wa kulima nini, na mvua haijanyesha?"

"Wa kwako."

Ulikaa chini pale pale kizingitini. Hukupiga kelele. Ningependa ungepiga, ningejua la kufanya. Ukanisomea kwamba kampuni imeona mibonyezo isiyo ya kweli, imesimamisha akaunti, na wenye matangazo watarudishiwa fedha zao. Nikabisha, kama kawaida yangu. Nikasema si ya kweli vipi, vile si vidole vya watu?

Ukasema, "Baba, hakuna hata mmoja aliyetaka tairi."

Neno hilo lilinikaa. Unajua ninavyowasema wale wanaotia mawe kwenye gunia la korosho ili lizidi uzito ghalani. Nimewasema mnadani, nimewasema mpaka kwenye misiba. Na mimi nilikuwa nimekujazia gunia lako mawe, tena kwa nyimbo. Sikufanya kwa wizi, na wewe hukuniita mwizi, lakini aliyelipia tairi litazamwe na mnunuzi alitazamiwa na Mzee Bakari. Hilo halina utetezi.

Ile barua uliyowaandikia kampuni ulinitafsiria kwa Kiswahili kabla ya kuituma. "Baba yangu aliwaalika majirani wanisaidie, kama tunavyosaidiana kulima. Hakujua kuwa hairuhusiwi. Nimemweleza, na haitatokea tena." Niliona aibu, halafu nikaona fahari, halafu nikatoka nje kwenda kutazama mikorosho ambayo haikuwa na haja ya kutazamwa. Ungeweza kuandika kwamba ni watu usiowajua. Uliandika baba yangu. Walipokufungulia tena, kidogo kidogo, nilijua ni kwa sababu ya ile barua, ingawa wewe unasema ni mashine tu ndiyo iliyoamua.

Tangu hapo nikitaka kumsaidia mtu namuuliza kwanza. Nimekuwa na mke, na mtoto, na kikundi cha wakulima kilichonichagua kuwa mwenyekiti wake, na nimeufikia uzee bila kulijua hilo. Muulize mama yako ni mara ngapi nimemsaidia kazi ambayo ikabidi airudie yote.

Hayo ndiyo tunayoyacheka, na yachekwe. Lakini mwaliko ule ulikuwa na mkia ambao hatuucheki, nao ndio ulionifanya jana nizungumze habari za mawingu.

Unamkumbuka Bi Somoe, jirani yetu, alivyokuja siku chache baada ya mwaliko na jogoo kamfunga miguu. Akakukabidhi kwa mikono miwili akasema, "Ahsante, mjukuu wangu, umenikumbuka na mimi." Ukamuuliza amekumbukwa kwa lipi. Akasema zile fedha. Alizipata katika lile lako la maji, siku ya mwaliko, aligusa kama wenzake, akaulizwa jina akajaza, akaulizwa tena akakubali, na fedha zikaingia kwenye simu. Wewe ulishaelewa. Ulikuwa mkopo, katika ile mikopo ya riba kali iitwayo kausha damu, na Bi Somoe alikuwa ameshanunua bati.

Halafu yakaja yaliyokuja. Alipochelewa kulipa walituma ujumbe kwa kila mtu aliyemo kwenye simu yake kwamba mwanamke huyu ni mdaiwa sugu. Ulinifikia mimi. Ulimfikia imamu. Ulimfikia mkwe wake, na unajua kwetu mkwe ni nani. Mama mkwe hata kukutana naye njiani anaona haya, seuze asomewe madeni yake. Bi Somoe akaanza kupita njia ya nyuma, ya kwenye mihogo. Msimu wa korosho ulipoingia tulichangishana tukaumaliza ule mkopo, na mkwe wake mwenyewe alichangia, Mungu ampe heri. Lakini Bi Somoe aliifuta aplikesheni yako kwenye simu. Nimemwona mara nyingi anakwenda na dumu tupu bomba la zahanati siku ambayo sisi wote tunajua ni kavu. Nikimwita anasema anakwenda kunyoosha miguu.

Wewe uliniambia wakati ule, "Baba, tangazo si langu. Linaletwa na kampuni." Ni sawa, na mtu wa Dar ataelewa hivyo. Hapa petu mtu akila kwenye mkeka wako amekula chako. Hatauliza kisamvu kimechumwa shamba la nani. Ndiyo maana mwenye shughuli huonja kwanza mbele ya watu. Kwa kuonja anawaambia, kama kuna baya humu, limeanza na mimi. Siku ile niliionja togwa. Ya kwenye simu sikuionja. Niliwaketisha watu wangu uani kwangu nikawaambia wale, na sikujua wanakula nini.

Wewe uliingia kwenye mitambo yako ukazuia matangazo ya mikopo na ya kubeti yasionekane tena kwenye aplikesheni, na mapato yakapungua, na hukuniambia. Nilipata habari kwa mama yako. Siku niliyoambiwa nilikula chakula changu polepole, nikishukuru. Sijui kama nimewahi kukuambia hilo. Basi nakuambia.

Na sasa bwana wa mikopo amezungukia mlango wa mbele, anataka umfungulie mwenyewe.

Ulitaka jibu langu. Ingekuwa mimi, nisingeweka. Hilo ndilo jibu, nimelitoa, mama yako atapumzika. Lakini mimi si ninayekwenda kulala Dar. Kodi ya mwaka sina ya kukupa, na sitaki kujifanya ninayo. Kuna chumba kwa shangazi yako Mbagala, chenye watoto na kelele na redio isiyozimwa, na kwenye hiyo kazi uliyoipata huko utafika umechoka kabla hujaanza. Najua utakachokikosa ukifuata jibu langu. Ungekuwa na chumba chako, na meza, na mlango wa kufunga, kazi yako ingekwenda vizuri zaidi, na pengine ungetengeneza kitu kingine kikubwa kuliko hiki cha maji. Nimeyafikiri hayo yote, sikuandika kwa kukurupuka.

Ukiweka, hutakuwa umeiba. Utabaki mwanangu, na siku ya kurudi nitakuja kukupokea Newala nikiwa na kanzu yangu ile ile. Sitakununia. Nimejaribu kununa mara moja mwaka ule ulipokataa kusomea ualimu na sikuweza kufika magharibi. Nakuambia tu nilichokiona kwa macho yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyewaketisha mkekani.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo. Lakini Bi Somoe amenikuta hapa hapa barazani, kalamu mkononi, amepita njia ya mbele. Nilisimama nikampa kiti.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, Baba Zuhura. Nimesikia mtoto anaondoka."

"Kesho alfajiri."

"Amekuja kuniaga," akasema. Akatoa simu yake kwenye upindo wa khanga, ile ya kioo aliyopewa na mwanawe, akaiweka juu ya barua yako. "Nirudishie lile lake la maji. Nimechoka kunyoosha miguu."

Nikacheka, naye akacheka kidogo. Nikaanza kumpakulia, na mtandao wa hapa unaujua, tukawa na muda wa kukaa. Nikamuuliza taratibu, nikiogopa kumtonesha, "Na yale matangazo, Bi Somoe? Huyaogopi?"

Akaniangalia kama niliyeuliza jambo la kitoto. Akasema, "Mwenye shughuli si atakuwa ameonja sasa?"

Sikumwambia habari za bwana wa mikopo. Hiyo ni kazi yako na nimekuahidi kutotia mkono. Nilimwambia tu, tayari, gusa hapo. Akaifungua kwa kidole kimoja, ameisogeza mbali na uso kwa ajili ya macho yake. Ikatokea moja kwa moja: bomba la shuleni, alama ya bluu, maji yapo. Akainuka hata bila kuniaga, akapitia dumu lake mlangoni kwake, na sasa namwona kwa mbali anakata kona ya msikiti kwa mwendo wa msichana. Hakuna kilichomsimamisha kati ya kufungua simu na maji.

Basi la Dar linapita Masasi asubuhi. Utakapofika pale, kabla hujalipanda, ukiyaona yale majabali, mpigie yule bwana umjibu vyovyote utakavyomjibu. Mimi nitakuwa shambani, na nimeridhika nawe tangu sasa, kabla ya kujua.

Baba yako